Dhahabu na Platini Ndani ya Damu: Uchambuzi wa Kipimo Kigumu

Mchimbaji wa dhahabu katika miamba ya Geita huhesabu kuwa amepata mwamba wenye faida pale tani moja ya mawe inapompa gramu chache za dhahabu, na kwa kazi ya namna hiyo zipo kanuni za kale zilizotumika kwa karne nyingi, za kuyeyusha unga wa jiwe pamoja na risasi katika tanuri, risasi ikakusanya dhahabu na fedha, kisha ikaondolewa kwa moto hata ikabaki punje safi inayoweza kuwekwa katika mizani. Gramu moja katika tani ni sehemu moja katika milioni. Lakini tabibu anayetaka kujua ni platini kiasi gani iliyosalia katika damu ya mtu aliyetibiwa saratani miaka mingi iliyopita, au mwanachuoni anayetaka kuyakinisha kama vumbi la barabarani limetia paladiamu katika miili ya watu wa mjini, hutafuta kitu kilicho chini ya kiasi hicho mara elfu, na pengine mara milioni. Tena hakitafuti katika jiwe, bali katika damu, ini na figo, vitu vilivyojaa protini, na protini ina tabia ya kuyashika madini haya na kutoyaachia kwa urahisi.

Swali linaloulizwa ni fupi: kiasi gani? Jawabu lake, hata hivyo, lina matawi, na wengi wanaolitafuta hupotea kwa kudhani kwamba penye mashine bora hapana budi pana kipimo bora. Naamini kinyume cha hayo. Ugumu wa kazi hii haumo katika mashine, ambayo aghalabu ndiyo inayosifiwa na kununuliwa kwa gharama kubwa, bali umo katika protini, na katika yale tunayoitendea protini hiyo kabla sampuli haijafika mbele ya mashine. Na tarakimu isiyosema ni platini ipi iliyopimwa, ile iliyo huru, au ile iliyofungwa, au zote mbili pamoja, haijasema kitu, hata ikiandikwa kwa nukta tatu za desimali.

Madini haya hayana kazi ijulikanayo katika uhai wa mwanadamu, kama ile iliyo nayo chuma katika damu. Yameingia mwilini kwa tiba au kwa taksiri. Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, na ambaye alifika Dar es Salaam mwaka 1897 katika safari zake za kuchunguza maradhi ya nchi za joto, alitangaza mwaka 1890 kuwa sianidi ya dhahabu huzuia kijidudu hicho kisikue ndani ya vyombo vya maabara. Wagonjwa wa kifua kikuu hawakupata faida iliyotarajiwa, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa: mwaka 1929 Mfaransa Jacques Forestier alieleza nafuu waliyoipata wagonjwa wa baridi yabisi waliodungwa chumvi za dhahabu, na tiba hiyo ikadumu kwa miongo mingi, hata mwaka 1985 Marekani ikaidhinisha dhahabu ya kumeza, iitwayo auranofini. Platini ilikuja kwa njia nyingine. Mchanganyiko wake uitwao sisplatini ulitengenezwa katikati ya karne ya 19 na Mwitaliano Michele Peyrone, ukakaa zaidi ya miaka mia bila mtu kuujua kuwa ni dawa, mpaka Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, akichunguza athari ya umeme juu ya bakteria, alipoona kuwa bakteria wake walirefuka kama nyuzi bila kugawanyika, na baada ya uchunguzi mrefu akatambua kuwa sababu haikuwa umeme bali platini iliyokuwa ikitoka katika elektrodi zake. Hayo aliyachapisha mwaka 1965, na mwaka 1978 sisplatini ikakubaliwa kuwa dawa ya saratani. Leo, pamoja na mionzi, ndiyo tegemeo la wanawake wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi, maradhi yanayoziliza nyumba nyingi mno za Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu akidhani kuwa jambo hili ni la mbali, na akumbuke kuwa dawa hiyo inatiririka katika mishipa ya mama zetu na dada zetu.

Tuitazame basi safari yake. Mwanamke mwenye eneo la mwili la mita moja na nusu za mraba, akipewa miligramu 40 kwa kila mita ya mraba, hupokea miligramu 60 za dawa, na kwa kuwa platini ni yapata asilimia 65 ya uzito wa sisplatini, miligramu 39 za madini yenyewe huingia mwilini mwake. Ndani ya majimaji ya damu mna kloridi nyingi, yapata milimoli 100 katika lita, na kwa wingi huo dawa hukaa kitambo katika umbo lake la asili. Ikipenya ndani ya seli, ambamo kloridi ni haba, huvuliwa kloridi zake, maji yakashika mahali pake, ikawa kali, ikajifunga juu ya DNA, hususan pale penye guanini, moja ya herufi za DNA hiyo, na seli ya saratani ikashindwa kugawanyika. Hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa. Lakini kabla ya kufika huko dawa hukutana na albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, gramu 35 hadi 50 katika kila lita, yenye molekuli kubwa ya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) zipatazo 66,500 na salfa katika sehemu zake nyingi. Nayo platini, sawasawa na dhahabu, huifuata salfa popote iliko. Molekuli moja ya albumini ina sisteini 35, na katika hizo 34 zimefungana mbili mbili kwa salfa zao, ikabaki moja tu iliyo huru, nayo ndiyo inayoidaka dhahabu ya auranofini na ya zile dawa za sindano zilizoitangulia. Platini hushika hapo na penginepo, na baada ya saa chache zaidi ya sehemu tisa katika kumi za platini iliyomo katika majimaji ya damu huwa imekwisha kufungwa na protini, na platini iliyofungwa hivyo haina tena nguvu ya kuponya wala ya kudhuru inayolingana na ile iliyo huru.

Hapa ndipo penye kiini cha shida. Mtu akiteketeza damu yote na kupima platini yote, atapata tarakimu kubwa ambayo kwa sehemu yake kubwa ni ya platini iliyolala. Akitaka kujua dawa ina nguvu gani saa hii, sharti aipime ile iliyo huru peke yake, na kuipata hiyo ni kuitenga na protini kwa chujio lenye vitundu vidogo vya kuzuia molekuli zinazozidi daltoni 30,000, au 10,000, majimaji yakasukumwa kupita katika chujio hilo kwa nguvu ya sentrifuji, albumini ikabaki juu na platini huru ikashuka chini. Kazi yenyewe ni nyepesi kwa mkono, ila ina hadhari moja kubwa: kufungwa kwa platini hakukomi damu inapotoka mshipani. Mrija ulioachwa juu ya meza katika joto la Mombasa au la Tanga, ukimngojea mhudumu amalize kazi nyingine, unaendelea na kemia ileile iliyokuwa ikiendelea mwilini, na kila dakika inayopita platini huru inapungua. Mpimaji akija baadaye na mashine ya kila aina atapima kwa usahihi mkubwa kitu ambacho mgonjwa hakuwa nacho. Kwa hiyo damu ipoozwe katika barafu mara itokapo, seli zitenganishwe bila kukawia, chujio litumike papo hapo, na saa ya kutoa damu pamoja na saa ya kuchuja ziandikwe zote mbili. Aliyeandika moja tu ameacha nusu ya kipimo.

Faida ya kupambanua huku si ya vitabuni tu. Mwaka 1989 Calvert na wenzake wa Uingereza, wakiiangalia kaboplatini, ndugu mpole wa sisplatini ambaye hujifunga na protini polepole na hutoka mwilini kwa njia ya figo, walitoa kanuni inayotumika mpaka leo kando ya vitanda vya wagonjwa: dozi kwa miligramu ni kiasi cha dawa huru ambacho mwili unatakiwa ukutane nacho kwa muda wote wa tiba, kikizidishwa kwa jumla ya kasi ya uchujaji wa figo na 25. Kanuni hiyo fupi, iliyowaepusha wagonjwa wengi na dozi za kubahatisha, isingalipatikana kama waliotangulia wangalipima platini yote kwa jumla bila ya kuitenga ile huru. Kinyume chake, wapo wanaohitaji jumla: wachunguzi wa Uholanzi walieleza mwaka 2000 kuwa wanaume waliotibiwa saratani ya korodani walikuwa bado na platini katika damu hata miaka 20 baada ya tiba, na kwa swali kama lile, la mabaki na madhara yake ya muda mrefu, jumla ndiyo haki.

Aliyechagua jumla hana budi kuiteketeza protini, na hapo huingia katika mlango mwingine wa makosa. Kosa la kwanza, nalo hufanywa na watu wenye elimu, ni kutia tindikali nyepesi katika damu kwa kudhani kuwa inaisafisha: protini huganda palepale kama yai katika maji ya moto, zikashuka chini ya mrija pamoja na madini zilizoyashika, na mpimaji akachota maji ya juu yaliyo safi kwa macho lakini yamekwisha kuibiwa. Njia iliyo sahihi ni kuichemsha sampuli katika tindikali kali ya nitriki, aghalabu pamoja na peroksidi ya hidrojeni, ndani ya chombo kilichofungwa na kupashwa moto kwa mawimbi ya mikrowevu hadi nyuzi 200 za sentigredi au zaidi, mpaka kaboni ya protini igeuke gesi na majimaji yabaki meupe. Hata hapo kuna mabaki ya kaboni yasiyoonekana kwa jicho, nayo huweza kupandisha au kushusha ishara ya mashine.

Na kila madini yana desturi yake, ndiyo maana nasikitika nionapo maelekezo ya maabara yanayoyaweka yote katika kanuni moja. Dhahabu haikai kwa amani katika tindikali ya nitriki peke yake: hurudi kuwa chembe za madini na kung'ang'ania kuta za mrija, kwa hiyo hupaswa kupewa pia tindikali ya hidrokloriki, mchanganyiko uleule ambao wanakemia wa kale waliutumia kuyeyushia dhahabu, ili ishikwe na kloridi na ibaki imeyeyuka. Fedha ni kinyume kabisa. Kloridi ikiwa kidogo huigandisha fedha kuwa unga mweupe usioyeyuka, unaobadilika rangi penye mwanga; na ajabu yake ni kwamba katika damu, ambamo kloridi imejaa tele, fedha hukaa imeyeyuka kwa sababu salfa za protini zimeikumbatia, hata mpimaji anapoiteketeza protini huwa ameiondoa ile kinga, na fedha ikaanguka mikononi mwa kloridi. Hadhari yake ni kuifukuza kloridi au, kwa kinyume, kuizidisha sana mpaka fedha iyeyuke upya. Osmiamu, madini ya ukoo wa platini, nayo haifai hata kuingizwa katika kanuni hizi, kwa kuwa tindikali ya kuoksidisha huigeuza mvuke ikatoroka. Wako wanaoepuka moto wote huu kwa kuichanganya damu na majimaji ya alkali, amonia au hidroksidi ya tetramethilamonia pamoja na sabuni laini ya maabara, ambayo huiyeyusha protini bila ya kuigandisha. Ni njia ya haraka na ya heshima kwa sampuli nyingi, lakini humwachia mpimaji mzigo wote wa chumvi na kaboni mbele ya mashine, na chuo kilicho na vifaa dhaifu kitaona vinyunyizio vyake vikiziba kila siku.

Mashine zenyewe nitazipitia kwa ufupi. Kufyonzwa kwa mwanga na atomu kulifanywa kuwa njia ya upimaji na Alan Walsh wa Australia mwaka 1955, na Boris L'vov wa Urusi ya Kisovieti akaonyesha miaka michache baadaye kuwa tanuri dogo la grafiti linaweza kuchukua mahali pa mwali wa moto: tone la sampuli hukaushwa, likachomwa, kisha likapashwa hadi nyuzi zinazozidi 2,500 kwa platini, na mwanga wa nanomita 265.9 ukapungua kwa kadiri ya atomu zilizomo. Tanuri hilo huiona platini iliyo mikrogramu chache katika lita. Mwaka 1980 Robert Houk, Velmer Fassel na wenzao wakatangaza njia ya kuinyunyiza sampuli ndani ya gesi ya argoni iliyopashwa kwa mawimbi ya redio hadi maelfu ya nyuzi, na kuzipeleka ayoni zake katika spektrometa ya masi inayozihesabu moja moja kwa uzito wake, na kwa njia hii nanogramu katika lita zikawa jambo la kila siku. Ziko na njia nyingine, kama kuirusha sampuli ya dhahabu katika mkondo wa nyutroni na kuhesabu mionzi ya dhahabu 198, ambayo nusu yake hutoweka kwa siku 2.7 hivi, ila ni nani mwenye tanuri la nyuklia uani kwake?

Hata spektrometa hiyo, pamoja na sifa zake zote, hudanganywa, na uongo wake unastahili kukaliwa kitako, kwa kuwa hutoka na sura ya ukweli. Inahesabu uzito, haijui jina. Argoni yenye uzito wa 40 ikishikamana na shaba ya 65 hutoa kitu chenye uzito wa 105, na paladiamu 105 ina uzito uleule. Majimaji ya damu ya mtu mzima yana shaba yapata miligramu moja katika lita, ilhali paladiamu inayotafutwa ni nanogramu, yaani shaba inaizidi mara milioni, hata sehemu ndogo sana ya shaba ikijishikamanisha na argoni yatosha kumzulia mtu paladiamu ambayo hanayo. Rodiamu 103 ina balaa hiyohiyo kwa shaba ya 63, na tena kwa stronti iliyoshika oksijeni. Nimesoma taarifa za madini ya moshi wa magari katika miili ya watu, ya zile platini, paladiamu na rodiamu zilizotiwa katika mabomba ya magari ya Marekani kuanzia miaka ya 1970 ili kusafisha moshi, na swali langu la kwanza huwa moja: shaba mliifanyaje? Wasiolijibu siwaamini. Platini katika damu iko salama zaidi, kwa kuwa adui yake ni oksidi ya hafniamu, na hafniamu ni haba mwilini. Dhahabu nayo inaogopa oksidi ya tantalamu, lakini zaidi ya hapo inaogopa nafsi yake, maana huganda katika mirija ya mashine na kuendelea kujitokeza katika sampuli zifuatazo, mgonjwa wa kwanza akawasingizia wa nne na wa tano, mpaka mirija ioshwe kwa tindikali ya hidrokloriki pamoja na thiourea au sisteini, vitu vyenye salfa ambayo dhahabu huifuata.

Ushahidi wa kipimo hutafutwa wapi? Desturi iliyoenea ni kutia platini inayojulikana katika sampuli na kuona ni kiasi gani kinachorudi, na ikirudi asilimia 98 watu hufurahi. Furaha hiyo ni ya haraka. Platini iliyotiwa dakika moja kabla ya tindikali haijajifunga na albumini, na kurudi kwake hakuthibitishi kuwa ile iliyokaa na protini siku nzima imetoka pia. Insafu ni kuiacha ikae na majimaji ya damu katika joto la mwili kwa saa kadhaa kwanza. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la hesabu rahisi: ipimwe platini huru, ipimwe iliyobaki na protini juu ya chujio, ipimwe jumla katika sehemu nyingine ya sampuli ileile, na mbili za kwanza zikijumlishwa zilingane na ya tatu. Zisipolingana, platini iko katika kuta za mrija, au katika nyuzi za chujio, au imeshuka na matope, na mpimaji akaitafute kabla ya kuandika chochote. Platini, kwa kuwa ina isotopu sita za asili, yaani atomu zake za uzito tofauti, huweza pia kupimwa kwa kutiwa isotopu iliyoongezwa makusudi na kutazama uwiano; dhahabu na rodiamu, zenye isotopu moja moja, hazina bahati hiyo.

Tena iko sehemu ya chini ya mstari wa hesabu, ambayo husahauliwa. Kwa seli na tishu, madini huandikwa kwa kila miligramu ya protini, na protini hiyo hupimwa kwa njia ya Lowry ya mwaka 1951 au ya Bradford ya mwaka 1976. Lakini Lowry huvurugwa na vitu vyenye salfa huru, na Bradford huvurugwa na sabuni, na vyote viwili ndivyo vinavyotiwa katika sampuli hizi kwa mkono mkunjufu. Nanogramu za juu zikiwa sahihi na miligramu za chini zikiwa batili, jawabu ni batili.

Narudi kwa maabara zetu, maana ndizo zinazonishughulisha. Mgonjwa anayepewa sisplatini ana platini ya mikrogramu nyingi, na mara nyingine miligramu, katika kila lita ya majimaji ya damu yake siku ya dawa, kiasi ambacho tanuri la grafiti linakiona waziwazi. Kwa uchunguzi wa dozi, wa figo zinazodhurika na wa tofauti za miili ya watu wetu, hatuhitaji kungojea spektrometa ya masi ambayo gharama yake na argoni yake vimezishinda idara nyingi. Tunahitaji barafu karibu na kitanda cha mgonjwa, sentrifuji yenye ubaridi, machujio ya kutosha, tindikali safi, na mhudumu aliyefundishwa kwa nini asikawie. Wenye dhamana ya kununua vifaa katika vyuo na hospitali za Afrika Mashariki, nawaomba waanze na hivyo.